Gari Ambalo Sikulitazama

Mpaka leo nikikutana na watu waliokuwa Kisangani miaka ile ya vita, mazungumzo yakishanoga lazima mmoja aniulize: lile gari la tonton wako, baba yako mdogo, lilikuwa jekundu au la rangi ya fedha? Mwingine anaapa kwamba lilikuwa la buluu. Ninawaacha wabishane mpaka wachoke, kisha ninawaambia sijui. Hawaniamini. Gari lilikaa mjini miezi, lilipita mbele ya meza yangu mara nyingi, niliwahi kusimama uani kwa tonton nikiwa nimeligeuzia mgongo, karibu nalo kiasi cha kusikia joto lake kwenye vigimbi vya miguu. Rangi yake siijui. Sikulitazama hata mara moja, na kwa hilo sitamwomba mtu yeyote msamaha.

Wasiokuwepo niwaeleze. Mto ulikuwa umefungwa, meli hazipandi kutoka Kinshasa wala hazishuki. Barabara zilikuwa zimerudi kuwa msitu. Mjini mlikuwa na majeshi mawili ya wageni ambayo wakati huo yalikuwa bado yanaitana marafiki, kila moja na komanda wake, vizuizi vyake na ukali wake. Ndizi tulikuwa nazo, mihogo na majani yake ya pondu, na samaki pia, lakini kitu chochote kisichoota wala kuogelea kilikuja na ndege: sabuni, kiberiti, dawa, na chumvi. Jaribu kula pondu bila chumvi wiki nzima ndiyo utajua vita ni nini. Watu wa Bengamisa, huko vijijini, walikuwa wakifika wakisukuma baiskeli zilizosheheni mchele na ndizi, na kabla salamu hazijaisha wanauliza kama chumvi iko. Wakiambiwa hakuna, wanakaa chini kando ya mzigo wao na kuangalia barabara waliyotoka.

Mimi nilikuwa muuza chumvi kwenye soko kubwa. Meza haikuwa yangu, ilikuwa ya mama. Tulikuja Kisangani kutoka Kivu ya Kaskazini nikiwa mdogo, baba akafungua duka, baba akafa, duka likafa nyuma yake, ikabaki meza. Mama aliikalia meza ile miaka na miaka, akatulea kwa kopo la chumvi, mpaka miguu ikamvimba ikakataa kumbeba. Hapo nikachukua mimi. Kila jioni, hata sijatua kikapu, nasikia sauti yake toka chumbani: "Meza iko na kitu?" Faida hakuniuliza hata siku moja. Alitaka kujua tu kama mezani kuna kitu.

Alikuwa na sababu. Jumamosi ni salongo, siku ya usafi, na asubuhi hiyo, kila wiki, meza zote za soko zilinyanyuliwa na kuwekwa pembeni ili pafagiliwe chini. Wakati wa kuzirudisha, shefu wa soko alipita, na kila mama aliweka bidhaa zake juu kuonyesha kwamba meza iko hai. Meza isiyokuwa na kitu haikurudishwa. Nafasi ile alipewa mwingine, na waliongoja walikuwa wengi, maana vita vilikuwa vimewaleta sokoni hata wake wa wafanyakazi wa serikali na wanafunzi wa chuo kikuu. Siisemi vibaya sheria ile. Ningekuwa miongoni mwa waliongoja, ningeiona sheria nzuri kabisa.

Sasa tonton. Alikuwa mdogo wake baba, mfanyabiashara wa jumla, mtu wa depo na funguo nyingi, mwenye kwenda misa ya kwanza na kukaa benchi ya mbele. Alikodi ndege za mizigo kutoka Goma, zile zenye tumbo linalofunguka nyuma, na sisi wadogo tukanunua nafasi ndani yake. Chumvi ilipoanza kuniishia, mama alifungua sanduku lake akatoa vitenge vyake vya sherehe, vyote, hata kile alichotaka kuzikwa nacho, akaniambia nenda kauze. Kwa vitenge vile tulinunua magunia Goma na kulipia nafasi katika ndege ya tonton. Mezani kulibaki chumvi ya kuokota kwa vidole. Hatukuwa na kingine nyumbani cha kuuza.

Siku ndege ilipotua, nilifuta meza kwa maji na kitambaa, nikasimama kungoja. Mizigo ya uwanja wa Bangoka ililetwa mjini na watu wa toleka, wale wa teksi za baiskeli, na siku ya chumvi uliwaona toka mbali, wameinama kwenye usukani, gunia limefungwa nyuma. Siku hiyo walifika wima, baiskeli tupu, wanacheka.

"Mama, chumvi hakuna!" mmoja alinipigia kelele hata hajashuka. "Ndege imezaa mutoto moya tu. Imezaa gari!"

Nilidhani ni utani wao. Halafu nikasikia mngurumo, mzito, wa chini, kama mtu anayekohoa kidogo kabla ya kutukana. Soko lilinyanyuka. Watu waliacha nyanya, waliacha samaki, wakakimbilia barabarani wakipiga vigelegele. Niliwasikia wakisema liko chini namna gani, linang'aa namna gani, taa zake ziko kama macho ya mtu mwenye usingizi. Mimi nilibaki nimeiangalia meza yangu iliyolowa maji. Nilijua nikigeuka nitaona kitu kilichokaa mahali pa magunia yangu, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuamini mikono yangu.

Nilijizuia siku kadhaa, nikingoja tonton aje mwenyewe kunieleza, kama mtu mzima anavyotakiwa. Hakuja. Kila asubuhi alilipitisha gari sokoni, polepole, honi mkononi, na kila asubuhi watu walikimbia. Basi nikaenda kwake. Gari lilikuwa uani. Nilipolisikia linapigwa maji niligeuka, nikasimama nikitazama nguzo ya lango.

"Tonton, shikamoo. Chumvi yangu iko wapi?"

"Marahaba. Karibu kwanza, mutoto yangu. Umeiona?"

"Sikukuja kuona. Nimekuja juu ya chumvi."

"Chumvi iko Goma, haikupotea. Chumvi haiozake. Itakuja na ndege ingine."

"Ndege ingine siku gani?"

"Alors, siku Mungu atapenda. Lakini geuka basi, uangalie! Unajua hii kitu bei yake?"

Nilimwambia bei ninayoijua mimi ni ya chumvi. Alicheka, akaja kusimama nyuma yangu, akaanza kunieleza, na kila sababu aliipigia bati la gari kofi. Ni modeli mpya, kofi. Hata wakubwa wa Kinshasa walikuwa hawajaipata. Mota yake ina farasi wengi ambao hata akinitajia nisingeweza kuwalisha, kofi. Jina la watengenezaji peke yake lina bei. Kisha kuna ndege, mafuta ya ndege, rubani anayetaka kulipwa mara mbili kwa sababu ya risasi, vizuizi, mikono ya watu kwenye vizuizi. Alisema ukikanyaga unafika Bangoka kabla wazo lako halijafika.

"Utakanyagia wapi, tonton?" niliiuliza ile nguzo. "Shimo ya mbele ya posta itakumeza na farasi yako yote."

Hakukasirika. Ndiyo tabia iliyokuwa ikiniudhi zaidi kwake, hakasiriki. Akashusha sauti, akaniambia siri yake kwa raha kabisa, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kaka yake na muuza chumvi, na muuza chumvi atafanya nini na siri.

"Bon, nikuambie. Bei ya gari ya mbio haitokake mu chuma. Chuma iko chuma. Inatoka mu macho ya batu. Makomanda wawili wanaitaka, mmoja wa jeshi hii, mmoja wa jeshi ile. Nikipita soko asubuhi batu wanakimbia, wanapiga kelele. Jioni komanda moya anatuma mutu, anauliza bei. Naongeza. Kesho yake ule mwingine anatuma. Naongeza tena. Donc kila siku soko inanipandishia bei, na silipi soko kitu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima nikizungumza peke yangu. Kwa ufahamu wangu wa chumvi, nilimwelewa vizuri sana. Chumvi ina bei kwa sababu sufuria inaililia. Gari la mbio katika mji usio na barabara linaliliwa na nini? Mwendo wake hauna pa kwenda. Mota yake inabaki kunguruma kwa mwendo wa toleka. Kitakachonunuliwa pale ni vichwa vinavyogeuka, na vichwa hivyo ni vyetu. Tulikuwa tumeachiwa magunia yetu Goma, na bado kila asubuhi tulikuwa tunamjazia mfuko yule aliyeyaacha.

"Meza iko na kitu?" mama aliuliza.

Nilimwambia ukweli. Nilimweleza gari, makomanda, na maneno ya tonton, yote. Alikuwa anajikanda miguu kwa mafuta ya mawese, hakuacha.

"Anauza macho yetu?"

"Ndiyo anavyosema, mama."

"Alors musimupe."

Asubuhi nilimpelekea maneno hayo mama prezida. Tulimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyeongoza mstari wa wauza chumvi, mama wa Kiislamu kutoka Maniema, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. Alipokwisha kukifunga hakuwa anacheka tena. Baadhi ya wenzetu pia walikuwa wameachiwa magunia Goma, ila walikuwa na akiba kidogo nyumbani, na Jumamosi ilikuwa inakaribia.

"Kwanza meza ya mama yako," alisema. "Gari iko na magurudumu, itangoja."

Kwetu huwezi kumuuzia mtu kopo la chumvi ukaishia hapo. Ukishapima, lazima uongeze juu matabisi, nyongeza ya vidole vitatu au vinne, ya bure. Hata kopo lijae namna gani, mteja asipopata matabisi anaondoka akijiona ameibiwa. Msimu ule vidole vilikuwa vimepungua, lakini matabisi hatukuyakata. Mama prezida akapitisha neno kwenye mstari: kila mteja aombwe matabisi yake yawekwe kwenye meza ya yule mama mgonjwa wa miguu.

Nilitaka kuzama ardhini kwa aibu. Niliweka kopo tupu juu ya meza, nikakaa nyuma yake nikijifanya naangalia kucha zangu. Mteja wa kwanza, mzee mmoja wa ofisi za serikali, alilalamika kwa sauti soko zima lisikie: "Serikali hainilipake mushahara, na nyinyi munanikata matabisi?" Alifunga chumvi yake, akaondoka, akafika kona, akarudi. Alifungua karatasi, akatia vidole ndani ya chumvi yake mwenyewe aliyoilipia, akadondosha kwenye kopo langu bila kuniangalia. Nililia pale pale, na sikuficha. Mtu mmoja wa Bengamisa aliuliza miguu ya mama inavimba asubuhi au jioni, akatia matabisi yake, akanitajia majani ya kuchemsha. Wengine walinung'unika, wawili watatu walikataa, na ilikuwa haki yao. Mpaka Ijumaa jioni kopo lilikuwa limejaa.

Jumamosi tulinyanyua meza, tukafagia, tukangoja. Shefu wa soko alifika kwangu, akainama, akaangalia lile kopo moja katikati ya mbao tupu.

"Hii iko bidhaa, ao iko ya mboga yako ya muchana?"

"Iko bidhaa, shefu."

"Kopo moya?"

"Moya."

"Unauza bei gani?"

Nilimtajia bei iliyomfanya jirani yangu akohoe. Shefu alikunja uso akaniuliza nimepata wapi bei ya namna hiyo.

"Iko modeli mupya, shefu. Mu meza hii hakuna ingine kama yenyewe."

Mstari wote ulipasuka kicheko. Mama prezida alipiga meza kofi, akasema ina farasi wengi pia. Yule shefu alijitahidi sana kubaki shefu, akashindwa, akacheka mabega yakimtikisika, kisha akaonyesha kwa kidole pale pa zamani, meza irudishwe. Jioni mama aliniuliza, nami nikajibu iko na kitu. Sikumwambia ni kopo moja. Nadhani alijua, kwa sababu hakuuliza zaidi.

Baada ya hapo ndipo likaja suala la macho. Hatukufanya mkutano. Neno lilitembea pamoja na chumvi, kutoka meza hadi meza, likaenda kwa wauza samaki, likaenda kwa watu wa toleka, ambao hawakuhitaji kubembelezwa maana gari lile lilikuwa linawasukumia mchangani kila asubuhi. Neno lenyewe lilikuwa fupi: likipita, kila mtu na kazi yake. Wengine walisema tunacheza, hatutaweza. Mwanzoni hatukuweza kweli. Siku ya kwanza muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, aligeuka, akapigwa kiwiko na jirani yake, akasema alikuwa anafukuza inzi. Siku zilizofuata shingo zikazoea.

Kisha komanda mmoja akaja kulijaribu mwenyewe. Tulijua kwa sababu askari wake walitangulia kusafisha njia. Nilisikia mngurumo toka upande wa mto, nikasikia tumbo la gari likikwaruza kwenye lile tuta la lango la soko, krrrr, na hata hapo hakuna aliyecheka. Nilianza kupima chumvi. Sikuwa na mteja. Nilipima kutoka kopo kwenda sahani, kutoka sahani kurudi kopo. Pembeni yangu mama prezida alikuwa anahesabu nyuzi za kikapu chake. Honi ililia. Ikalia tena, ndefu. Watu wa toleka walikuwa wamepindua baiskeli zao kichwa chini, wote kwa pamoja, wanaangalia minyororo. Dereva alikanyaga mafuta gari likiwa limesimama, mota ikapiga kelele ya kutisha, mavumbi yakatufikia. Hakuna kichwa kilichopanda. Wakati ule mtu alikuwa anaweza kupigwa kwa kikohozi tu, nami nikaendelea kupima, sahani, kopo, sahani.

Buti mbili zenye udongo mwekundu zikasimama mbele yangu. Hizo niliziona.

"Nyinyi, hamuoni gari la afande?"

Mama prezida alijibu kwa niaba ya soko, kwa sauti yake ile, ila bila kuinua uso. "Tunaona chumvi, afande. Macho iko mbili tu, na biashara iko nguvu."

Buti zilikaa. Nilisoma sala zote nilizofundishwa nikiwa mtoto, nikachanganya mwanzo wa hii na mwisho wa ile. Kisha mota ikazimwa, mlango ukafunguka, na katika ukimya ule nikasikia mtu akisema polepole, "Uliniambia mji mzima una wazimu nalo." Halafu sauti ya tonton, nyembamba, ambayo sijawahi kuisikia tena: "Ni jua, afande. Jua kali leo, inawaumiza macho." Mbingu ilikuwa imefunga tangu alfajiri, na matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kuniangukia mkononi. Komanda aliondoka kwa gari lake la kijeshi. Tonton alibaki akilirudisha la kwake kinyumenyume, tumbo likikwaruza tena kwenye tuta.

Komanda yule hakutuma mtu tena. Yule wa pili, aliyekuwa analitaka ili wa kwanza asilipate, hakuona tena la kugombania, naye akanyamaza. Wapo wanaosema si sisi, kwamba majeshi mawili yalikuwa yameshaanza kuangaliana vibaya na hakuna mkubwa aliyetaka kufungia pesa zake ndani ya gari. Waseme. Wao hawakuwa nyuma ya meza yangu siku ile.

Tonton alikuja mezani kwangu kwa miguu, hatua chache tu, maana gari alikuwa ameliegesha nyuma yangu, kando ya mfereji. Alikaa kwenye kigoda cha mteja. Kopo langu la matabisi lilikuwa limepungua nusu, nilikuwa nimeliuza kidogo kidogo ili nyumbani tule, na Jumamosi nyingine ilikuwa inakuja.

"Umeniharibia bei," alisema.

"Mi sikugusa bei yako, tonton. Sijaiona hata gari."

"Donc iangalie! Mara moya tu. We ukigeuka, bale bamama watageuka, soko yote itageuka. Iko nyuma yako pale. Geuka, na ndege inayokuja nakuletea magunia yako yote."

Nasema kweli, nilitaka kugeuka. Kugeuza shingo hakulipishwi. Nilimfikiria mama na sanduku lake tupu, nikaona ujinga gani huu, kumkatalia mtu jicho moja. Na kama angeniomba tu, kama angesema nilikukosea, pengine ningegeuka. Lakini alikuwa ananiuzia magunia yangu mwenyewe mara ya pili, kwa uso mtulivu ule ule wa benchi ya mbele kanisani, na kitu ndani yangu kikakaza kama fundo la kamba iliyolowa.

"Lete chumvi," nilimwambia. "Chumvi ikifika, tutaona kama shingo inageuka."

"Na nisipoleta?"

"Usipoleta, utaweka nini mu ndege? Gari ingine? Ile yako inatafuta mutu moya, na ule mutu ameenda. Chumvi inatafutwa na muji yote, mpaka Bengamisa."

Alichezea funguo zake. Chochote nitakachosema juu ya tonton, alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hawezi kurusha ndege tupu kwa ajili ya hasira. Ndege iliyofuata ilikuja na chumvi. Watu wa toleka walifika wameinama kwenye usukani, gunia nyuma ya kila mmoja, wakiimba matusi ya furaha ambayo siwezi kuyaandika. Gunia langu moja lilikuwa limechanika na nililipenda hivyo hivyo. Kabla ya kuuza nilipita mstari mzima, kila meza nikaacha kopo, nikaongeza matabisi ya kiganja kizima. Mama prezida aliniambia nimezidisha, kisha akayaficha yale ya kiganja kwenye kitambaa chake haraka.

"Meza iko na kitu?"

"Iko na magunia, mama."

Akaniambia nioshe kopo vizuri, maana chumvi mpya haipimwi kwa kopo chafu, na akageukia ukutani ili nisimwone.

Shingo yangu haikugeuka. Tonton alinikumbusha mara moja, nikamwambia nilisema tutaona, na tumeona. Gari lilibaki uani kwake. Watu walinihadithia kwamba kuku walianza kulala chini yake, halafu ndani yake. Pesa zake zote zilikuwa zimelala humo pia, ndiyo maana ndege ile ya chumvi ilileta magunia ya watu, na la kwake halikuwemo hata moja.

Kwa hiyo siku moja alikuja kupanga foleni mezani kwangu. Tonton, mtu wa depo, na kifuko cha plastiki mkononi, nyuma ya mtu wa toleka na mbele ya mtu wa Bengamisa. Zamu yake ilipofika, alinyoosha pesa bila kupatana. Nilimsalimu kama mtoto anavyomsalimu mdogo wa baba yake. Nilichota kopo, likajaa na kilima juu, kisha nikapitisha kiganja changu juu ya mdomo wa kopo, polepole, mpaka kilima kikaanguka guniani na chumvi ikalala sawa kabisa na ukingo. Nikammiminia. Hakuondoka. Alibaki ameshika mdomo wa kifuko wazi, kama watu wote wanavyofanya, akingoja.

"Na matabisi?"

Mstari mzima wa wauza chumvi ulikuwa umeinamia makopo yake.

"Matabisi yako iko uani kwako, tonton," nilisema. "Wende uiangalie."

Alifunga kifuko mafundo mawili, akaondoka. Nilimwita mtu wa Bengamisa asogee, nikampimia lake, nikaongeza juu mpaka likamwagika mezani.